Ivunje Namba ya Noti Yako: Mwongozo kamili wa kuijua namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Jioni moja, barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, binti wa kidato cha pili alinikabidhi ada yake ya tuisheni: mwekundu wa Msimbazi mmoja, yaani noti ya shilingi elfu kumi, mpya, haujakunjwa hata mara moja. Kabla sijautia mfukoni akauliza, "Mwalimu, hii namba iliyoandikwa hapa ina lolote ndani yake?" Nikaitazama. Baada ya herufi mbili zilifuata tarakimu saba: 2972424. Nikamwambia avute mkeka, tuanze nayo hadi tuimalize. Muuza kahawa alipita mara mbili na birika lake, vikombe vikilia mkononi, na bado tulikuwa tumeiinamia karatasi ile ile.

Nimeandika hapa njia tuliyoipita usiku ule, hatua kwa hatua, ili nawe utoe noti yako mfukoni uipitishe humo humo. Msingi wake ni huu: kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, na ujenzi huo una njia moja tu. Ukishazijua tasa zake, maswali mengine yote, kama ina vigawo vingapi, vinajumlika kuwa ngapi, inapangika kwa mistari gani, yanajibika kwa hesabu fupi. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasiuogope urefu wa namba. Namba ndefu iliyovunjwa ni nyepesi kuliko fupi ambayo hujaigusa.

Andaa karatasi mbili na kalamu. Kikokotoo cha simu kiache kwanza, utakihitaji mwishoni kuhakiki.

Hatua ya 1: Isome kwa sauti, kisha itenge

Kwa mdomo tunasema: milioni mbili, laki tisa, elfu sabini na mbili, mia nne ishirini na nne. Laki yetu inafaa sana sokoni, lakini kwenye karatasi inamchanganya mtu, kwa sababu uandishi unatenga tarakimu tatu tatu na laki haina mkato wake. Tenga kuanzia kulia: 2,972,424. Yaangalie vizuri mafungu hayo matatu, 2, 972 na 424. Tutayahitaji kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Anza na mkia

Tarakimu ya mwisho ni 4, basi namba ni shufwa. Maneno shufwa na witiri tumeyapokea kutoka Kiarabu, na anayeswali witiri baada ya isha hahitaji kufafanuliwa: rakaa zake ni moja, au tatu, au tano, daima inabaki moja isiyo na mwenzake.

Usiishie kusema "inagawika kwa 2". Uliza inagawika mara ngapi. Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho tu, kwa sababu 100 ni 4 × 25 na mamia yote yanajigawa yenyewe. Hapa ni 24, inakubali. Kwa 8, tazama tatu za mwisho, kwa kuwa 1,000 ni 8 × 125. Hapa ni 424, nayo ni 8 × 53. Kwa 16, tazama nne: 2,424 ukiigawa kwa 16 unapata 151 na baki 8. Imekataa. Kwa hiyo ndani ya namba yetu 2 imo mara tatu kamili, wala haipo ya nne.

Kwa 5 hakuna kazi: mkia hauishii 0 wala 5.

Hatua ya 3: Jumlisha tarakimu

2 + 9 + 7 + 2 + 4 + 2 + 4 = 30. Thelathini inagawika kwa 3, haigawiki kwa 9, na namba yenyewe inafuata hukumu hiyo hiyo. Sababu yake iko wazi ukiitafuta. Kumi ni 9 na 1, mia ni 99 na 1, elfu ni 999 na 1. Ukiondoa tisa zote ndani ya namba, kila tarakimu inabakia kama ilivyo, popote ilipokaa. Kilichobaki ni jumla yao. Jumlisha tena 30 na utapata 3, ambayo ndiyo baki ya namba nzima ikigawiwa kwa 9. Iandike pembeni ya karatasi, uizungushie duara. Nitaiita alama ya tisa.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hatua hii inasaidia hata asiyependa hesabu. Jirani yangu mwenye duka la jumla alikesha na daftari lake kwa sababu fedha za kwenye droo na maandishi vilipishana kwa shilingi 27,000. Alishaanza kumshuku kijana wa dukani. Nikamuuliza tofauti ni kiasi gani, aliponitajia nikaona inagawika kwa 9. Nikamwambia, "Ami, kabla hujamwita kijana, tafuta mahali tarakimu zimegeuzwa." Tulipekua kurasa mbili. Palikuwa na mauzo ya 63,000 yaliyoandikwa 36,000. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, jumla yao haibadiliki, basi baki ya tisa haibadiliki, na tofauti kati ya namba sahihi na ile mbovu lazima igawike kwa 9. Si kila tofauti inayogawika kwa 9 imetokana na kugeuza, lakini pa kuanzia kutafuta ni hapo.

Faida hiyo ina upande wa pili. Alama ya tisa haiwezi kukuonya kwamba umenakili noti vibaya kwa kugeuza tarakimu: 2,972,442 nayo inajumlika kuwa 30. Kwa hiyo nakili mara moja, kisha soma kutoka kwenye noti tarakimu moja moja ukigusa kwa kidole.

Hatua ya 4: Saba, kumi na moja na kumi na tatu kwa pigo moja

Hii ndiyo hatua niipendayo kuliko zote, na wanafunzi wengi hawajawahi kuonyeshwa. Zidisha 7 × 11 × 13. Unapata 1,001. Tasa tatu zenye sifa ya usumbufu zimekutana kwenye namba iliyo jirani kabisa na elfu.

Ujirani huo unatumika hivi. Elfu moja ni 1,001 ukipunguza 1, basi ukiwa unatupa 1,001 zote, kila elfu moja inahesabiwa kama kutoa 1. Milioni ni 1,001 × 999 na 1 juu yake, basi kila milioni inahesabiwa kama kuongeza 1. Mafungu ya tatu tatu yanapokezana: la kwanza kutoka kulia linajumlishwa, la pili linatolewa, la tatu linajumlishwa, na kuendelea hivyo kwa namba yoyote hata ikiwa na mafungu kumi.

Kwa namba yetu: 424 − 972 + 2 = −546.

Alama ya kutoa isikutie hofu, kwa kazi ya kugawika haina uzito. Chukua 546 uipime. 546 ni 7 × 78, imekubali. 546 ni 13 × 42, imekubali. Kwa 11, 11 × 49 ni 539, linabaki 7, imekataa. Umejua habari za tasa tatu juu ya namba ya milioni mbili kwa kutoa mara moja na kugawa namba ya mamia mara tatu. Binti alipoona hivyo alichukua kalamu mkononi mwangu, akarudia mwenyewe kwa namba ya simu ya mama yake.

Hatua ya 5: Igawe, hatua moja moja

Sasa toa nje kila kilichokubali, ukishuka kama ngazi:

2,972,424 ÷ 8 = 371,553
371,553 ÷ 3 = 123,851
123,851 ÷ 7 = 17,693
17,693 ÷ 13 = 1,361

Pasipatikane baki popote. Likitokea baki, kosa liko katika ugawanyaji wa mstari huo, kwa sababu hatua zilizotangulia zimeshathibitisha kuwa inagawika. Rudi mstari mmoja tu, usianze upya.

Hatua ya 6: Je, 1,361 ni tasa?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la haraka. Mwanafunzi anajaribu 3, 5, 7, pengine 11, anaona zote zimekataa, anatangaza kuwa ni tasa. Mpe 1,363 umwone. Haigawiki kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 wala 23. Inaonekana tasa kama tasa nyingine yoyote. Lakini ni 29 × 47.

Kanuni ya kusimama ni hii: jaribu tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba, kisha acha. Vigawo huja wawili wawili, na wawili hao hawawezi wote kuzidi kipeuo, kwani zao lao lingeizidi namba yenyewe. 37 × 37 ni 1,369, imeshapita 1,361. Basi tasa ya mwisho kujaribiwa ni 31.

Orodha ya tasa hadi 31 unaipata kwa chujio la Eratosthenes, yule mkutubi wa Alexandria, Misri, wa karne ya 3 kabla ya Kristo: andika namba kuanzia 2, bakiza 2 na ufute vigawe vyake vyote, nenda inayofuata ambayo haijafutwa ufanye vivyo hivyo. Zinabaki 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31.

1,361 ni witiri, haiishii 5, na tarakimu zake zinajumlika kuwa 11, basi 2, 5 na 3 zimetoka. 11 ilikataa tangu hatua ya 4, nayo ikikataliwa na namba kubwa haiwezi kukubaliwa na kipande chake. Lakini 7 na 13 usiziruke. Zimetoka mara moja, na huenda zimo mara ya pili. Mabaki ni haya:

kwa 7, linabaki 3
kwa 13, yanabaki 9
kwa 17, linabaki 1
kwa 19, yanabaki 12
kwa 23, yanabaki 4
kwa 29, yanabaki 27
kwa 31, yanabaki 28

Zote zimekataa. 1,361 ni tasa, na noti ya binti imesomeka yote:

2,972,424 = 2 × 2 × 2 × 3 × 7 × 13 × 1,361

Nilipoiona 1,361 nilifurahi kwa sababu nyingine. Tasa iliyo nyuma yake ni 1,327. Kati ya hizo mbili zimepanga namba 33 na hakuna hata moja iliyo tasa. 1,333 ni 31 × 43, 1,343 ni 17 × 79, 1,349 ni 19 × 71, 1,357 ni 23 × 59, na nyingine zote zimevunjika vivyo hivyo. Ukianzia 1, hakuna pengo refu kama hilo kabla ya hapo. Ni kama kutembea barabara za Ngamiani zilizopangwa kwa namba, ukakuta mtaa mzima milango imefungwa, kisha taa moja inawaka mwisho wake. Mbele kuna mapengo marefu zaidi, lakini tasa haziishi. Euclid alilithibitisha hilo yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Hatua ya 7: Hesabu vigawo bila kuviandika

Kigawo chochote cha namba yetu kinatengenezwa kwa kuchagua. Kwa tasa 2 una chaguo nne: usichukue, chukua moja, mbili, au tatu. Kwa 3 una chaguo mbili, chukua au acha. Vivyo hivyo kwa 7, 13 na 1,361. Zidisha chaguo: 4 × 2 × 2 × 2 × 2 = 64. Kanuni fupi: ongeza 1 kwenye idadi ya kila tasa, kisha zidisha.

Vigawo 64 maana yake jozi 32, yaani ukiwa na miche 2,972,424 unaweza kuipanda kwa mistatili 32 tofauti bila mche kubaki. Ulio karibu zaidi na mraba ni mistari 1,361 yenye miche 2,184 kila mmoja. Hauwezi kupatikana ulio karibu zaidi, kwa kuwa 1,361 haivunjiki: lazima ikae nzima upande mmoja.

Kwetu Tanga mfano wa miche hauko mbali. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba yote yaliyotanda mkoani yalianzia na hiyo. Sasa 62 ni 2 × 31. Ina vigawo vinne tu, na mistatili miwili: mstari mmoja wa 62 au mistari miwili ya 31. Ile 1,000 iliyoondoka Florida, 2 mara tatu na 5 mara tatu, ina vigawo 16 na mistatili 8.

Hatua ya 8: Jumla ya vigawo

Kwa kila tasa, jumlisha vipeo vyake vyote kuanzia 1, kisha zidisha majibu. Kwa 2: 1 + 2 + 4 + 8 = 15. Kwa 3: 4. Kwa 7: 8. Kwa 13: 14. Kwa 1,361: 1,362.

15 × 4 × 8 × 14 × 1,362 = 9,152,640

Ondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika 6,180,216. Wayunani wa kale waliipima kila namba kwa mizani hii. Vigawo vikijumlika kuwa namba yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28, namba huitwa kamili. Vikipungua, ni pungufu. Vikizidi, ni tele. Namba yetu ni tele kiasi kwamba jumla ya vigawo vyake ni zaidi ya mara mbili yake.

Hatua ya 9: Zisizoshirikiana nayo

Ni namba ngapi chini ya 2,972,424 ambazo hazina kigawo cha shirika nayo ila 1? Kuzijaribu moja moja hakuna atakayemaliza. Kwa tasa, ni mstari mmoja. Kwa tasa iliyotokea mara moja, punguza 1: tunapata 2, 6, 12 na 1,360. Kwa 2 iliyotokea mara tatu, ipunguze 1 kisha zidisha kwa 2 mbili zilizobaki: 4.

4 × 2 × 6 × 12 × 1,360 = 783,360

Hesabu hii si ya barazani tu. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliitumia kutengeneza kufuli ya siri inayobeba majina yao, RSA. Wanachukua tasa mbili kubwa mno, wanazizidisha, wanaitangaza namba iliyopatikana mbele ya watu wote. Anayezijua tasa mbili anapata idadi ya zisizoshirikiana mara moja, na kwa hiyo anafungua ujumbe. Asiyezijua inambidi avunje namba yenye mamia ya tarakimu, kazi ambayo hadi leo haina njia ya haraka inayojulikana kwa kompyuta za kawaida. Ngazi tuliyoshuka kwenye hatua ya 5 ilikuwa rahisi kwa sababu tasa zetu ni ndogo. Zikikua, ngazi inatoweka.

Hatua ya 10: Je, ni mraba?

Jibu umeshalizungushia duara. Mraba wa namba nzima unaacha alama ya tisa ya 1, 4, 7 au 9 tu. Yetu ni 3, basi si mraba. Kipeo cha tatu kinaacha 1, 8 au 9, basi si hicho pia. Mraba ulio chini yake kwa karibu ni 1,724 × 1,724 = 2,972,176, umepungua 248.

Je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Zitazame tasa zake zinazoacha baki 3 zikigawiwa kwa 4. Zote zikitokea kwa idadi shufwa, inawezekana; hata moja ikitokea kwa idadi ya witiri, haiwezekani. Kwetu 3 na 7 zimetokea mara moja moja, basi haiwezekani. Lakini 1,361 peke yake inaacha baki 1 na inaweza: 20 × 20 + 31 × 31 ni 400 + 961.

Kuhakiki

Kabla ya kikokotoo, hakiki kwa alama ya tisa. Alama ya 8 ni 8, ya 3 ni 3: 24, yaani 6. Mara 7 ni 42, yaani 6. Alama ya 13 ni 4: 24, yaani 6. Alama ya 1,361 ni 2: 12, yaani 3. Imerudi kwenye duara letu. Sasa toa simu, zidisha yote kwa pamoja, na utazame kama 2,972,424 inajitokeza.

Kama huna noti karibu, anza na 3,819,816. Ukifika hatua ya 4 utapata 816 − 819 + 3 = 0, na sifuri inagawika kwa 7, kwa 11 na kwa 13, basi zote tatu zimo. Endelea hadi mwisho. Kwenye hatua ya 7 unapaswa kupata vigawo 192.